Zirkoni: Saa ya mawe na mpaka uliofichwa chini ya majani chai ya Kericho

MTU anayefuata barabara ya Kapsoit kuelekea Sondu na kufika Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, huona majani chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mwamba wa kale hauoni. Udongo mwekundu umefunika kila mahali, na pale ambapo wenyeji wamechimba kokoto, jiwe linalotokea ni gumu, la kijivu kilichokolea, na aghalabu hulia kama kengele likigongwa kwa nyundo.

Jiwe hilo huitwa fonolaiti, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti. Ni lava iliyomwagika na kuganda zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, katika enzi ambayo Bonde la Ufa lilikuwa likijiunda. Kuoza kwake ndiko kulikowapa wakulima wa Kericho na Bomet udongo wenye kina wanaoutegemea.

Kwa wanajiolojia, hata hivyo, miaka milioni 10 ni kama jana. Lava hiyo ni blanketi tu lililotandikwa juu ya ardhi nyingine iliyokuwapo kabla yake, na ardhi hiyo ya chini ina umri mara 60, pengine mara 200 na zaidi, kupita blanketi lenyewe. Swali la ni mara 60 au mara 200 si la kujifurahisha. Ndilo linaloamua iwapo chini ya shamba fulani kuna aina ya miamba inayojulikana kubeba dhahabu, au aina nyingine isiyokuwa na sifa hiyo.

Jibu lake limo ndani ya chembe ndogo iitwayo zirkoni, isiyozidi punje ya mchanga laini.

Ardhi mbili zinazokutana gizani

Magharibi mwa Sigowet, ng'ambo ya Sondu hadi Migori, na kaskazini ng'ambo ya bonde la Nyando huko Maragoli na Kakamega, miamba ya kale imejitokeza juu ya ardhi. Jabali maarufu la Kit Mikayi huko Seme, karibu na Kisumu, ni sehemu ya ardhi hiyo. Ni itale, yaani graniti.

Eneo hilo ni ukingo wa kaskazini wa bamba kuukuu ambalo wataalamu huliita kratoni ya Tanzania. Linaanzia katikati ya Tanzania, linapita Usukuma na Mara, kisha linaingia Nyanza na Magharibi mwa Kenya. Ndani yake mna mikanda ya lava za kale sana zilizogeuka rangi ya kijani kwa sababu ya joto la wastani, na ndiyo inayobeba dhahabu ya Geita, ya Mara Kaskazini, ya Macalder huko Migori, na ile iliyowavuta watu kwa maelfu hadi Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952, lakini hamu haikufungwa nao: mwaka wa 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa utafutaji wa dhahabu wa Magharibi mwa Kenya kutoka kwa Barrick.

Mashariki mambo ni tofauti. Anayeteremka kutoka Iten kupitia Tambach huona ngazi kubwa ya ukuta wa Elgeyo. Juu kuna fonolaiti, ndugu ya ile ya Kericho, na chini yake kuna naisi, jiwe lenye mistari myeupe na myeusi iliyokunjwa kama kitambaa. Naisi hiyo ni ya Mkanda wa Msumbiji, safu ya milima mikubwa iliyokwisha kulika, ambayo mizizi yake inapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Mkanda huo ulipewa jina na Mwingereza Arthur Holmes katika andiko lililochapishwa mwaka wa 1951. Vito vya Taita Taveta, pamoja na tsavoraiti ya kijani, hutoka humo.

Basi mahali fulani kati ya Nyanza na Elgeyo ardhi hizo mbili hugusana. Mtaalamu L. D. Sanders aliuandikia mpaka huo taarifa maalumu ya idara ya jiolojia ya Kenya mwaka wa 1965, akieleza sehemu za magharibi mwa nchi ambako unaweza kufuatwa kwa miguu. Lakini ukielekea nyanda za Kericho, lava imeufunika, na Tinderet na volkeno nyingine zimeongeza mzigo juu yake.

Ramani zinazouonyesha mpaka huo chini ya mashamba ya chai huuchora kwa mistari ya nukta nukta. Katika lugha ya wachora ramani, nukta ni ungamo la kistaarabu kwamba mchoraji anakisia.

Jiwe lililopikwa mara mbili

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwanajiolojia asitazame tu jiwe lililotolewa chini na kusema ni la upande gani. Ugumu ni kwamba miamba ya aina hii ni metamofiki, yaani imegeuzwa. Ilianza ikiwa kitu kimoja, labda lava, labda itale, labda mchanga wa mtoni, kisha ikazikwa kilomita nyingi chini ya ardhi, ikapikwa na kubanwa hadi madini yake yakajipanga upya. Udongo wa mfinyanzi hugeuka shisti yenye kumetameta kwa ulanga. Itale hugeuka naisi.

Naisi mbili zinaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili na bado zikawa na historia zisizokaribiana. Moja ikawa itale ya kratoni iliyozaliwa zamani sana na kupikwa upya milima ya Msumbiji ilipoinuka, nyingine ikawa jiwe jipya lililoundwa wakati wa milima hiyo hiyo. Jicho haliwezi kuzitenganisha.

Ndiyo maana swali la umri wa mwamba metamofiki, likiulizwa hivi hivi, halina jibu moja. Je, ni umri wa lava au itale iliyoanza, umri wa kupikwa, au umri wa kupoa? Taarifa inayotaja tarakimu moja bila kusema ni ya tukio gani haijamwambia msomaji kitu, na taarifa za aina hiyo si chache, hata katika vitabu vya shule.

Kwa nini zirkoni

Zirkoni ni muungano wa zirkonia, silikoni na oksijeni. Hujitunga itale inapoganda kutoka uji wa moto wa ardhini. Wakenya wengi wameigusa bila kujua, kwani unga wake hutumika katika kung'arisha vigae na masinki. Kampuni ya Base Titanium iliichimba katika michanga ya Kwale kwa takriban muongo mmoja, pamoja na madini ya titani, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024.

Katika biashara, thamani yake ni weupe. Kwa mpima umri, thamani yake ni ukaidi. Zirkoni ni ngumu kuliko kwatsi, haili kwa asidi za kawaida, na hustahimili joto linaloyeyusha mawe mengi. Mto ukiusaga mlima mzima kuwa mchanga, zirkoni hubaki. Mchanga huo ukigeuka mwamba upya, zirkoni bado imo.

Sifa ya pili ni ya ajabu zaidi. Fuwele ya zirkoni inapokua hukaribisha atomu chache za urani, kwa sababu ukubwa na chaji yake hutosha kukaa katika nafasi ya zirkonia. Risasi huikataa, kwa kuwa atomu zake hazitoshei. Hivyo siku ya kuzaliwa kwake, fuwele ina urani na karibu haina risasi hata kidogo. Risasi yoyote inayokutwa ndani yake baadaye imezaliwa humo humo.

Urani huoza polepole na kuwa risasi, kwa mwendo ambao joto, maji wala mgandamizo wa ardhini hauwezi kuubadilisha. Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.468 kupungua kwa nusu, na mwisho wake ni risasi-206. Urani-235 huchukua miaka milioni 704 na huishia kuwa risasi-207. Chembe moja, basi, imebeba saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti.

Hesabu yake si ngumu kuielewa. Katika zirkoni yenye umri wa miaka bilioni 2.67, kwa kila atomu 100 za urani-238 zilizosalia kuna takriban atomu 51 za risasi-206. Katika ile ya miaka milioni 640, ziko takriban 10 tu. Tofauti ya 51 na 10 haihitaji mabishano.

Mwaka wa 1956 Mmarekani George Wetherill alionyesha jinsi ya kuzipanga saa hizo mbili katika mchoro mmoja. Chembe ambayo saa zake zinakubaliana hukaa juu ya mstari wa kupinda unaoitwa konkodia. Chembe iliyopoteza sehemu ya risasi yake, labda kwa kupashwa joto au kwa kuharibiwa na mnunurisho wa urani yake yenyewe, huanguka chini ya mstari. Hata kosa hilo lina faida, kwa sababu chembe kadhaa zilizopungukiwa huweza kujipanga katika mstari mnyoofu, na ncha mbili za mstari huo zikadokeza lini zilizaliwa na lini zilisumbuliwa.

Saa chache za maumbile humjulisha anayezitazama kwamba zimeharibika. Hii ni mojawapo.

Kutoka gunia la mawe hadi tarakimu

Kazi huanza kwa nyundo. Mtafiti huchukua kilo kadhaa za jiwe ambalo halijaoza, na Kericho hilo peke yake ni mtihani, kwa kuwa mvua na joto vimeozesha miamba hadi kina kirefu. Jiwe husagwa kuwa mchanga, huchekechwa, kisha huoshwa kwa maji kwa namna ambayo mchimba dhahabu wa Migori mwenye karai angeitambua mara moja, kwani chepesi huenda na maji na kizito hubaki. Sumaku huondoa madini yenye chuma. Vimiminika vizito huelemea kwatsi, nazo zirkoni, ambazo uzito wake ni zaidi ya mara nne na nusu ya maji, huzama.

Kinachobaki huchaguliwa chembe kwa chembe chini ya hadubini. Kutoka gunia zima la jiwe huenda zikapatikana zirkoni mia moja, nyingi zikiwa na urefu wa chini ya robo ya milimita. Hugandishwa katika gundi ngumu na kusuguliwa hadi nusu ya kila chembe iondoke na moyo wake uonekane.

Hapo ndipo siri ya miamba iliyogeuzwa hufichuka. Chembe ikipigwa mwale wa elektroni hutoa mwanga, na katika mwanga huo huonekana pete kama za mti uliokatwa. Katikati kuna kiini, mara nyingi chenye mistari myembamba ya ukuaji ndani ya uji wa moto. Kukizunguka kunaweza kuwa na ganda la nje lisilo na mistari, lililokua wakati mwamba ulipopikwa upya. Kiini hutunza umri wa kuzaliwa, ganda hutunza umri wa kupikwa, na vyote viwili vimo ndani ya kitu kisichoonekana vyema bila lenzi.

Zamani mbinu iliyokuwapo ni kuyeyusha chembe nzima katika asidi kali na kupima risasi na urani zote pamoja. Kiini na ganda vikichanganywa hutoa umri wa katikati ambao haukuwahi kuwa umri wa chochote. Kuanzia miaka ya 1980 chombo kilichobuniwa chini ya uongozi wa William Compston katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kiliwezesha kulenga doa lenye upana wa sehemu 20 hadi 30 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, yaani jembamba kuliko unywele. Siku hizi maabara nyingi hutumia leza kuchoma doa kama hilo, kwa gharama ndogo zaidi.

Uyeyushaji haujatupwa. Mwaka wa 2005 James Mattinson wa California alieleza namna ya kuipasha chembe joto na kuiosha kwa asidi ili sehemu zilizoharibika ziondoke kwanza. Vipimo vya njia hiyo vinaweza kuwa na shaka isiyofika moja katika elfu, ilhali vya leza huwa na shaka ya asilimia moja au mbili. Anayetafuta usahihi huyeyusha. Anayetaka kutenganisha kiini na ganda hulenga doa.

Ni kwa njia ya madoa ndipo zirkoni za Jack Hills, magharibi mwa Australia, ziligunduliwa kuwa na umri wa hadi miaka bilioni 4.4, wakati dunia yenyewe ina takriban bilioni 4.5. Zilikutwa ndani ya mwamba wa mchanga na changarawe ulio na umri mdogo zaidi, jambo linaloonya kwamba zirkoni inaweza kuwa mgeni katika nyumba inamokutwa.

Majibu ya Afrika Mashariki

Katika eneo hili la Afrika, zirkoni zimekwisha kutoa majibu yanayomhusu mtu wa Sigowet. Günter Borg na Tom Krogh walichapisha mwaka wa 1999 vipimo vya chembe moja moja kutoka mkanda wa Usukuma, vikionyesha shughuli za volkeno za takriban miaka bilioni 2.78 iliyopita. Mwaka wa 2006 Shukrani Manya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake walitoa umri wa lava za mkanda wa Musoma na Mara, ulio jirani na Migori. Zilipatikana kuwa na takriban bilioni 2.67. Wakati huo dunia ilikuwa imeishi sehemu mbili kwa tano za umri wake wa sasa.

Katika mikanda hiyo joto la kugeuza miamba halikupanda sana, hivyo zirkoni kwa kawaida hazikuota maganda mapya. Umri unaopatikana ni wa volkeno zenyewe. Ni bahati njema, kwa sababu mtafuta dhahabu anataka kujua lava zipi ni za kizazi kimoja.

Mashariki, zirkoni zilieleza kisa kingine. Mwaka wa 2001 Profesa Sospeter Muhongo, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Nishati na Madini wa Tanzania, alichapisha pamoja na Alfred Kröner na Alexander Nemchin vipimo vya miamba iliyopikwa kwa joto kali mno katika Mkanda wa Msumbiji nchini Tanzania. Kilele cha joto kilionekana kuwa takriban miaka milioni 640 iliyopita. Hiyo ni enzi ambayo vipande vya mabara vilikuwa vikigongana kuliunda bara kuu la kale liitwalo Gondwana.

Uchunguzi huo na mingine ya miaka hiyo ulifichua jambo ambalo ramani za zamani hazikulionyesha wazi. Sehemu za mkanda zilizo karibu na kratoni zina miamba ambayo zirkoni zake zina viini vya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kwa maneno mengine, ni ardhi ya kratoni yenyewe iliyovutwa ndani ya milima mipya na kupikwa mara ya pili. Mbali zaidi kuelekea mashariki kuna miamba ambayo ilizaliwa baadaye sana.

Kutokana na hayo, mpaka kati ya ardhi hizi mbili si ukuta. Upo mpaka wa umri wa kuzaliwa, na upo mpaka wa joto, ulio magharibi zaidi. Mstari mmoja wa nukta chini ya Kericho, hata ukichorwa kwa uangalifu, unajaribu kufanya kazi ya miwili.

Mtafuta madini akiufuata mstari huo kama ulivyo anaweza kuacha ardhi ya kale yenye lava za dhahabu kwa sababu tu inaonekana kama naisi ya mashariki. Anaweza pia kutumia fedha nyingi kuchimba mahali ambapo joto la miaka milioni 640 iliyopita limekwisha kupanga upya kila kitu kilichokuwamo.

Vumbi la visima

Fonolaiti yenyewe haisaidii katika swali hili. Haina silika ya kutosha, na lava za namna hiyo huwa maskini wa zirkoni. Umri wake hupimwa kwa saa nyingine, ya potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya argoni, na saa hiyo husema tu lini blanketi lilitandikwa.

Mchanga wa mitoni husaidia kwa kiasi. Mto Sondu hukusanya zirkoni kutoka kila mwamba unaopita juu yake, na chembe mia moja kutoka kingo zake zingeonyesha ni umri wa aina gani uliomo katika nchi nzima inayomwaga maji huko. Hazingeonyesha kila umri umetoka kijiji gani.

Kinachofaa zaidi ni jiwe lililotoka moja kwa moja chini ya lava. Visima vya maji huchimbwa mara kwa mara katika nyanda hizi, na vile virefu, hasa pembezoni ambako lava si nene, vinaweza kuutoboa mwamba wa volkeno na kugusa ule wa kale. Mashine hutoa vumbi na vipande vya mawe, ambavyo humwagwa kando mara maji yanapopatikana. Vipande vya juu na vya chini huchanganyika, na hilo hupunguza imani ya matokeo. Lakini kwa kuwa fonolaiti huchangia zirkoni chache, nyingi za zitakazokutwa katika kilo chache za vumbi la mwisho zitakuwa za mwamba wa chini, ilimradi udongo wa zamani uliozikwa kati ya tabaka hizo usihesabiwe kama mwamba.

Zikipimwa, njia ya kuzisoma ni hii. Chembe zenye umri mmoja wa karibu bilioni 2.7 bila ganda la pili zitamaanisha kwamba hapo ni kratoni isiyoguswa, na miamba ya aina ya Migori inaweza kuwa imepita chini. Viini vya bilioni 2.7 vyenye maganda ya takriban milioni 640 vitamaanisha kwamba ardhi ni ya kale lakini milima ya Msumbiji iliifikia, na mpaka wa joto uko magharibi mwa kisima hicho. Chembe zisizo na kiini chochote cha kale zitausogeza hata mpaka wa kuzaliwa upande huo huo wa magharibi, mbali kuliko wengi wanavyodhani.